Sentimita Sitini na Saba

Miaka minne nilichora nyumba za watu
juu ya ubao wa kupigia pasi.
Sebule, jiko, choo cha wageni,
vyumba vya kulala vinavyotazama mlima
(wenye fedha wote hutaka mlima uwaamkie),
na mimi, goti likigusa pasi baridi,
nikibofya polepole, kipanya kisije kikaanguka.

Kwenye simu nilikuwa na picha:
meza nyeupe, ndefu kama kaunta ya benki,
skrini imepinda kama upinde wa kuwindia,
taa za buluu zikivuja chini ya ukingo,
na waya hakuna, hata mmoja,
kana kwamba umeme huko huja kwa kunuiza.
Nilimwonyesha fundi Ndekirwa, pale Pasua.
Alivaa miwani, akavua, akavaa.
"Hii ni meza," akauliza, "au ukumbi wa muziki?"

Mbao nilikuwa nazo. Mringaringa
ulioanguka kihambani Kibosho, masika ya mwaka juzi,
ukalalia migomba kumi na mbili na banda la mbuzi.
Kaka zangu waligawana: Valerian mlango,
Kanuti kitanda. Zikabaki mbili
za karibu na gome, zenye jicho jeusi katikati
palipokuwa tawi. Mama akasema,
"Chukua wewe, unayeshinda umekaa."

Fundi ana kimo chake cha meza: sabini na sita.
Alikirithi kwa bwana wake, naye kwa bruda mmoja wa misheni,
na meza zote za Pasua zina kimo hicho,
ya kulia, ya kuandikia, ya kuhesabia michango ya msiba.
Nikamwambia sitini na saba.
Akacheka. "Na magoti utayaweka wapi?"
Nikaketi kwenye kiti nilichokuja nacho kwa bajaji,
nikakunja mkono, nikamwambia pima,
toka sakafuni hadi kiwikoni.
Alipima mara tatu.
Futi haikumpendelea.

Siku ya nne nusura tugombane,
maana niliomba tundu. Upana wa kikombe cha kahawa,
kona ya kushoto, nyaya zipite.
"Mti umekaa miaka sitini bila tundu.
Hata bungua hakuthubutu, leo niutoboe mimi?"
Akaenda kununua sigara, na mtu huyu havuti.
Nikashika keekee mwenyewe.
Baba alichongea mizinga ya nyuki mti huu huu;
vumbi likanukia asali, au nilitaka linukie.
Aliporudi alitazama, akachukua msasa,
akalainisha ukingo wa tundu kwa kidole gumba,
kimya, kama anayemfuta mtoto mdomo.

Sasa iko dirishani. Skrini mbili za mtumba,
moja ina mstari wa kijani usiotoka,
mashine inakoroma kama jirani mwenye mafua,
nyaya zinashuka tunduni, nimezifunga kwa mpira wa manati.
Taa za buluu hakuna. Jicho jeusi lipo:
kipanya kikifika hapo husitasita,
ikanibidi nitandike kipande cha kitenge.
Umeme ukikatika naacha mikono juu yake vivyo hivyo.
Mabega hayana habari, yanadhani tungali kazini.

Jana nilipita Pasua kulipa salio.
Benchi lake la randa lilikuwa limepandishwa,
tofali mbili chini ya kila mguu.
Miaka thelathini na moja amepiga randa akiwa amejikunja,
nami nikidhani ule mgongo alizaliwa nao.
Sikusema neno. Naye hakusema.
Alihesabu fedha mara mbili, akakohoa,
kisha akauliza, macho kwenye maranda,
kama ninaweza kumchorea nyumba.
Vyumba viwili. Si lazima vitazame mlima.
Ila jiko, akasema, meza ya jiko
iwe usawa wa kiwiko.

"Kiwiko cha nani?"

Akaokota futi, akaipangusa kwenye suruali.
"Twende nyumbani," akasema, "ukampime mke wangu."